Siku Tano Baada ya Mto Lukombo

Mwaka 2012, katikati ya mwezi wa sita, baridi ya Dowa ikiwa imeshika kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, muuza nyanya mmoja alifika nyumbani kwa mzee Adolphe Wilondja kumletea salamu alizotumwa kutoka Lilongwe. Alisema kuna mchungaji kule Area 25, mwenye duka la vitenge karibu na soko, aliyemwomba afikishe maneno machache tu.

"Alisema nikuambie hivi: Mwandishi wa Jeshi anasalimiwa na kamarade wake."

Muuza nyanya alicheka kidogo, kwa maana hakuwahi kumdhania mzee huyu kuwa na lolote na jeshi. Alimjua kama Dzaleka yote ilivyomjua: mzee mwembamba kutoka Fizi, Kongo, aliyefiwa na mke, mwalimu wa zamani, anayewaandikia watu habari zao.

Adolphe alimshukuru, akamsindikiza hadi njiani, akarudi kuketi mezani. Alijaribu kuendelea na barua aliyokuwa akiiandika, akaona herufi zake, zile ambazo watu walizisifu kwa unyoofu, zimeanza kulala upande. Cheo kile hakuwa amekisikia kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Waliowahi kukijua, kwa hesabu yake, walikuwa wamekufa wote isipokuwa watatu, na wawili kati yao hawakuwa na sababu yoyote ya kumtafuta.

Kazi yake kambini ilikuwa hivi. Mkimbizi akiitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine, alitakiwa kueleza maisha yake tangu mwanzo: alikimbia nini, lini, akapitia wapi. Watu wengi waliyajua mateso yao vizuri ila hawakujua kuyapanga. Walianzia mwisho, wakarudi katikati, wakasahau mwaka, na mwenye kuhoji akiona mwaka umegongana na mwaka aliandika kwamba mtu huyu anadanganya. Ndipo walipokwenda kwa Adolphe. Aliwauliza maswali ambayo hawakuulizwa na mtu mwingine. Walikuja kutoka upande gani? Mliwaona au mliwasikia? Nani alitoa amri, na mlijuaje kuwa ni yeye? Mto ulikuwa umejaa au ulivukika kwa miguu? Aliandika polepole, akawasomea, akawaambia wasahihishe. Nakala moja aliwapa, nyingine akaihifadhi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, kwa sababu karatasi za wakimbizi hupotea.

Binti yake Nadège, aliyekuwa na cherehani kwenye baraza alipoandikia baba yake, aliyasikia maswali hayo kutwa nzima. Aliamini ni tabia ya ualimu. Hata marehemu mama yake, Eugénie, hakuwahi kumwambia vingine.

Ukweli ni kwamba Adolphe alijifunza kuuliza namna ile katika nchi ambayo haipo kwenye ramani yoyote. Mwaka 1969, akiwa na miaka kumi na tisa na darasa la tatu la sekondari, aliondoka shule ya misheni akapanda milimani kwa miguu yake mwenyewe. Wakati huo kulikuwa na vikundi vingi vya msituni. Chama alichokifuata yeye kilikuwa kidogo, kilishika mabonde matatu na migongo ya milima iliyoyazunguka, lakini ndani ya mabonde hayo kilitawala kama dola. Kulikuwa na bendera, shule, zahanati ya miti, na mashamba ya pamoja ambamo kila mtu alilima kwa filimbi. Hakuna aliyeuza wala kununua mwenyewe. Mahindi na chumvi viligawiwa na ghala la Chama. Hakuna aliyeitwa bwana. Wote walikuwa ndugu au kamarade, na Adolphe, ambaye baba yake alikuwa mpagazi wa Wazungu, aliona kwamba hatimaye amefika mahali pa watu.

Kwa kuwa aliandika vizuri, walimpa kazi isiyokuwa na mfano. Chama kilitaka jeshi lake liwe na historia kama majeshi ya nchi kubwa za kisoshalisti ambazo viongozi walikuwa wamesoma vitabu vyake. Wakamjengea kibanda, wakampa taipureta iliyobebwa kichwani kutoka misheni, na muhuri wa nyota uliochongwa kwa mpira wa gurudumu. Kibanda kikaitwa Ofisi ya Historia ya Jeshi, naye akaitwa Mwandishi wa Jeshi. Kila baada ya mapigano alitembea siku mbili, tatu, kuwafikia waliopigana kabla hawajaanza kusahau au kujisifu. Aliwahoji mmoja mmoja. Alihesabu maganda ya risasi mahali penyewe. Alipima umbali kwa hatua. Kwa miaka ya kwanza aliipenda kazi hiyo kuliko chakula.

Aliyeisimamia ofisi alikuwa kamishna wa siasa, kijana aliyemzidi miaka miwili tu, jina lake Faustin. Faustin hakupandisha sauti kamwe. Alisoma kila ukurasa na kuurudisha ukiwa na mistari laini ya kalamu ya risasi chini ya maneno aliyotaka yatoke. Mwanzo yalikuwa machache: wapiganaji waliokimbia wakawa wapiganaji waliobadili mahali, ng'ombe walioporwa wakawa ng'ombe waliotolewa na umma. Adolphe aliyabadilisha. Mara moja kwa mwaka, siku ya jeshi, alisimama mbele ya gwaride na kusoma kwa sauti historia ya mwaka uliopita. Waliopigana vita hivyo walikuwa mbele yake, mguu sawa, wakisikiliza vita vyao vikiwa vimegeuka vingine, na katika nyuso zao hapakuwa na kitu cha kusoma. Ni baada ya gwaride la tatu ndipo alipoanza daftari la pili, dogo, lisilopigwa muhuri, ambamo aliandika yale yaliyofutwa.

Kisha ukaja mto Lukombo. Tarehe kumi na nne Aprili 1978 Chama kilituma watu mia na ishirini kushika daraja. Jeshi la serikali lilikuwa limewatangulia na kuwangoja. Watu arobaini na mmoja walikufa majini, na waliorudi walirudi bila bunduki. Uongozi uliamua kwamba jambo hilo halikutokea. Daraja lilishikwa, likaachwa kwa hiari. Lakini wakati huohuo uongozi ulitaka mwenye kosa, na Faustin akawapata saba, akasema waliuza siri. Kesi ilisikilizwa mchana mmoja ndani ya shule. Faustin alikuwa mshtaki na hakimu. Karani alihitajika, mtu wa mwandiko mzuri, na mwenye mwandiko mzuri alikuwa mmoja. Adolphe aliandika majina saba, akaandika hukumu, akatia sahihi kama shahidi.

Jina la tano lilikuwa Jules, shemeji yake, mdogo wa Eugénie.

Waliuawa tarehe kumi na tisa, nyuma ya shule, hatua mia mbili na kumi na mbili kutoka mlangoni. Alizihesabu kwa mazoea, bila kukusudia, akiwa ametangulizwa kwenda kushuhudia. Jioni ile Faustin alimketisha mbele ya taipureta na kumsomea ukurasa wa historia: wandugu saba wafuatao walianguka mto Lukombo tarehe kumi na nne, vifua mbele. Adolphe alipiga herufi zote, hakukosea hata moja. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe kwamba Jules amekufa shujaa.

Dola ile ya milimani ilikwisha kidogo kidogo miaka ya themanini, watu wakitoroka familia kwa familia. Adolphe alishuka na mke na mtoto, akafundisha shule ya msingi kando ya ziwa, akanyamaza. Vita vya 1996 vilipowatoa Fizi, ndani ya mtumbwi wa kwenda Kigoma, alilidondosha daftari dogo majini, kwa kuogopa kupekuliwa ng'ambo. Mwaka 2003 wakafika Malawi. Eugénie alikufa hapo Dzaleka miaka miwili baadaye kwa homa. Hadi mwaka wake wa mwisho aliomba misa ya mdogo wake kila tarehe kumi na nne Aprili, na Adolphe alikwenda naye, akapiga magoti, akijua kwamba siku yenyewe ilikuwa bado siku tano.

Sasa, wiki mbili kabla ya salamu za Area 25, alikuwa amekuja mwanamke aliyeitwa Charlotte, mwenye miaka kama thelathini na saba, mshonaji wa mashuka, aliyehamia kambini karibuni kutoka Uvira. Alitaka aandikiwe habari zake. Alianza na baba yake. Alisema baba yake aliitwa Alimasi, mpiganaji wa milimani, alikufa shujaa mto Lukombo, na mama yake alikuwa na karatasi yenye muhuri wa nyota kuthibitisha, ila iliungua pamoja na nyumba.

Adolphe aliweka kalamu chini. Alimasi lilikuwa jina la pili katika orodha. Alimwambia Charlotte kwamba anaumwa macho, arudi baada ya siku kadhaa. Charlotte hakuona ubaya. Jumapili iliyofuata alikwenda Lilongwe kusali na ndugu zake wa kanisa, na huko, akiwa na furaha ya kupata mtu wa kumsaidia, alimsimulia mchungaji kwamba kambini kuna mzee mmoja wa Fizi, mwandishi, anayejua mambo ya zamani hadi tarehe. Mchungaji alimuuliza jina la mzee huyo. Alimuuliza pia ana mtoto gani, na mtoto huyo anafanya kazi gani.

Hayo Adolphe aliyajua Charlotte aliporudi kwake, baada ya salamu zile. Alimsimulia kwa moyo mweupe, akisifu wema wa Pasteur Lévi, ambaye naye ni mtu wa Fizi na kesi yake ya kwenda ng'ambo iko karibu kuisha. Adolphe alimuuliza huyo pasteur anaongeaje. Charlotte alifikiri. Alisema anaongea kwa sauti ya chini sana, hata mtu inabidi amsogelee.

Siku ile pia hakumwandikia. Alimwambia macho bado.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba, Adolphe, Nadège na watoto wawili wa Nadège walikwenda misa ya asubuhi. Waliporudi, mlango ulikuwa umefungwa kama walivyouacha. Ndani, cherehani ilikuwa mahali pake, sufuria mahali pake, redio juu ya kabati. Godoro la Adolphe lilikuwa limepasuliwa kwa mshono, taratibu, kama fundi anavyofumua nguo. Sanduku la bati lilikuwa wazi na tupu. Nakala za habari za watu mia na zaidi, nani alimshitaki nani, nani alimkimbia nani, zote zilikuwa zimeondoka.

Nadège alitaka waende polisi. Baba yake aliketi juu ya kitanda kilichofumuliwa na kusema hapana, na namna alivyosema hapana ndiyo iliyomtisha binti kuliko sanduku.

"Papa, ni banani?"

"Ni mutu anatafuta kaye yangu, daftari ya zamani."

"Kaye gani?"

Adolphe alifunga sanduku tupu na kulirudisha chini ya kitanda. Nadège alishona godoro, na tangu siku hiyo alianza kuwafunga watoto ndani alipokwenda kisimani. Wiki mbili baadaye mteja asiyemfahamu alimletea kitambaa cha kushona gauni, akalipa mbele, akamwambia kuna mchungaji wa mjini anayemsifu sana, anajua hata watoto wake wanasoma darasa la ngapi. Gauni lile halikufuatwa. Lilibaki likining'inia barazani, na kila Adolphe alipolitazama aliona limeachwa pale ili alitazame.

Mwisho wa mwezi alikwenda Lilongwe. Alipanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi barabarani, akaingia minibasi inayotoka Dowa, akashuka Area 25 saa nne za asubuhi. Duka halikuwa gumu kulipata. Nyuma ya vitenge vilivyotundikwa alikaa mzee mnene aliyevaa koti safi, Biblia na kikokotoo mbele yake, na kabla Adolphe hajafungua mdomo mzee yule alimwita mkewe, Mmalawi mpole, akamwomba alete chai na mkate kwa ajili ya mgeni wake wa zamani. Mwanamke alipiga goti kidogo, akasema zikomo, neno la heshima la Kichewa, akaingia ndani.

"Mwandishi. Umezeeka," alisema Faustin kwa sauti ileile.

"Tumezeeka, Kamishna."

"Hapa banaita mi Pasteur."

Waliongea kwanza kama wazee wowote wawili. Faustin alimpa pole ya Eugénie. Aliuliza kama Dzaleka bado wanagawa mahindi kwa mwezi. Wateja waliingia na kutoka. Aliwapimia vitenge kwa mkono usiotetemeka, akawabariki. Kisha duka likabaki la wawili.

"Kaye iko wapi?"

"Hakuna kaye. Iko chini ya Tanganyika tangu tisini na sita."

Faustin alitabasamu kama mtu aliyetarajia jibu hilohilo. "We ulikuwa na kaye mbili. Moja ya Chama, moja ya kwako. Nilijua tangu siku ya kwanza. Unazani juu ya nini sikukuuwa?"

Adolphe alitazama mlangoni, Faustin akajijibu mwenyewe.

"Juu nilijua hauna moyo wa kuionyesha mutu. Na mi nilipenda vile unaandika." Alisogeza kikombe cha chai karibu na mgeni. "Sikia. Ukisema mi nilihukumu, mi nitasema nani aliandika. Sahihi iko ya nani? Si yangu. Mi sikuwekaka sahihi hata fasi moja. Bote saba, njo we uliandika ni bahaini. Na njo we uliandika tena ni mashujaa. Bakikuuliza ni wapi ulisema bongo na ni wapi ulisema kweli, utajibu nini?"

Alieleza mengine kwa utaratibu, kana kwamba anagawa kazi. Yeye angesafiri kabla ya Krismasi. Kesi ya Nadège na watoto, aliyoijua hadi namba yake, ilikuwa pia njiani. Baba akijulikana kuwa alihudumia jeshi la msituni, kesi ya watu wanne ingesimama. Charlotte aandikiwe habari njema, kwamba baba yake ni shujaa. Nani angeumia? Mama Eugénie aliumia? Hapo Adolphe aliinua macho. Faustin alikuwa anamtazama kwa upole, upole wa kweli.

Aliondoka bila kuigusa chai. Alisimama kituoni muda mrefu, minibasi zikaja zikaenda. Alifahamu kwamba yote aliyoambiwa ni sahihi. Sahihi ilikuwa yake. Alifahamu pia kwamba kwa miaka thelathini na minne alijidanganya kwamba daftari dogo lilimtenga na wale wengine, na kumbe Faustin alilijua daftari hilo na hakuona haja hata ya kulichoma.

Alianza na Nadège. Alimwambia siku iliyofuata, mchana, watoto wakiwa shuleni, cherehani ikiwa imesimama. Alimweleza yote kwa mpangilio, tangu kibanda hadi hatua mia mbili na kumi na mbili. Nadège alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama mama yake alikufa bila kujua. Alipoambiwa ndiyo, aliinuka, akatoka nje, akakaa kwa jirani hadi jioni. Siku tatu aliweka nsima ya baba yake, ugali wa Malawi, mezani pasipo kumtazama. Siku ya nne alimwambia baba yake anajua kwamba atakwenda kuyasema, na akamwomba asiyaseme.

"Fikiria hawa batoto, Papa. Mjomba Jules alishakufa. Hawa bangali bazima."

Adolphe alisema amewafikiria. Alisema pia kwamba mtu aliyepasua godoro lao kwa utaratibu ule hataacha kuwatafuta hata akipewa anachotaka, kwa sababu anachotaka hakipo. Nadège hakukubali. Hadi leo hawajawahi kukubaliana juu ya jambo hilo.

Kisha Adolphe mwenyewe alimwita Charlotte. Alimketisha kwenye kiti cha wateja, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile yeye ndiye aliyesimulia. Alimwambia baba yake hakufa mtoni. Alimwambia tarehe, mahali, nani aliamuru. Charlotte aliuliza swali moja tu.

"Na ile karatasi ya muhuri, nani aliiandika?"

"Ni mimi."

Aliutazama mwandiko kwenye karatasi zilizokuwa mezani, akamtazama yeye, akafunga kitenge chake vizuri na kuondoka. Tangu hapo akimwona njiani alivuka upande wa pili.

Mwezi wa tisa Adolphe alikwenda kwenye ofisi inayoshughulikia kesi za wakimbizi, akaomba kutoa maelezo. Mwanamke aliyemhoji alikuwa kijana, mwenye kalamu tatu. Aliuliza maswali mazuri: waliketi upande gani wa chumba, nani aliingia wa kwanza, ulijuaje. Adolphe alijibu siku mbili mfululizo. Alipofika kwenye jina la karani alilitamka lake, akalitaja herufi kwa herufi ili lisikosewe. Mwishoni yule mwanamke alimuuliza kama ana karatasi yoyote ya kuthibitisha. Alisema hana. Alimuuliza kama anaelewa matokeo yake kwa kesi yake mwenyewe. Alisema anaelewa, ila akaomba ya binti yake itengwe.

Siku tano tu baadaye, habari zikiwa bado hazijatoka rasmi popote, duka la vitenge lilifungwa. Mke wa Faustin alirudi kwao Salima bila kuaga mtu. Waumini waliambiana kwamba Pasteur ameitwa na kazi ya Mungu Afrika Kusini; wengine walisema Msumbiji; mmoja aliapa kwamba alimwona uwanja wa ndege na jina jingine kwenye tiketi. Kesi yake ya Lilongwe ilifutwa. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu. Lililomsumbua Adolphe ni hizo siku tano. Ndani ya ofisi ile walikuwa wawili na mkalimani, na hakuna aliyejua nani alizungumza na nani. Wala zile nakala za sanduku hazikuonekana tena. Mara mbili, mwaka uliofuata, watu aliowaandikia walimjia wakisema wamepigiwa simu na mtu mwenye sauti ya chini aliyewasomea siri zao, mstari kwa mstari, kisha akakata bila kudai lolote. Baadhi ya wateja waliacha kuja. Adolphe hakuwalaumu. Aligeuza meza yake, akawa anaketi akiuelekea mlango.

Kesi ya Nadège ilitengwa, ikalala miaka mitatu, ikaamka. Mwanzoni mwa 2016 jina lake na majina ya watoto yalibandikwa kwenye ubao. La Adolphe halikuwepo na halitakuwepo. Asubuhi ya safari Nadège alimkunjia mashati, akampa cherehani amuuzie au aitunze, na alipomshika mkono kumuaga alishindwa kuuachia. Aliomba tu kwamba wakifika asimpe mtu yeyote anwani yao, hata mtu wa kanisa, hata wa Fizi. Adolphe aliahidi. Hata yeye hakutaka kuijua.

Mwaka huohuo, mwezi wa nne, Charlotte alikuja. Hakubisha hodi, alisimama barazani, pale gauni lile lilipokuwa likining'inia zamani, hadi mzee alipomwona. Alikuwa ameanza kupata mvi. Alisema hakuja kumsamehe, asifikirie hivyo. Mama yake alikuwa amekufa Uvira mwezi uliopita, na ndugu walitaka kuwazika mume na mke mahali pamoja siku moja, nchi ikitulia.

"Nataka kujua fasi yenyewe."

Adolphe alichukua karatasi safi. Alichora shule, akaweka mlango wake upande wa mashariki. Alichora njia, jiwe kubwa, kijito kinachokauka mwezi wa saba. Aliandika idadi ya hatua na kueleza kwamba ni hatua za kijana wa miaka ishirini na nane, si za mzee. Aliandika majina saba kwa mpangilio waliolazwa, Alimasi wa pili, Jules wa tano, kwa sababu wengine nao wana ndugu. Chini aliandika tarehe, kumi na tisa Aprili, na jina lake.

Charlotte aliuliza kama njia inapitika. Adolphe alimwambia hapana. Watu waliokuja kutoka huko mwezi ule walisema mabonde yale yameshikwa na kikundi kingine, chenye bendera yake na muhuri wake, na kwamba kinapita shuleni kikiwatafuta vijana wanaojua kuandika. Charlotte aliikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya Biblia, akasema atangoja. Kisha akaondoka haraka, kwa kuwa ilikuwa siku ya mgao wa mahindi na foleni ilikuwa imeshafika mbali.